Kigoma–Mbeya ni kilomita 600, ila siyo saa moja na robo

Kuna hesabu moja watu wanapenda kutumiana: kutoka kiwanja cha Kigoma mpaka Songwe, kiwanja cha ndege cha Mbeya, ni kilomita 600, ndege saa moja na robo. Juzi nikaletewa hiyo na binamu yangu tukiwa tunapanga namna ya kumfikisha mama mdogo msibani Mbeya, na imeniudhi kwelikweli, maana hesabu yenyewe ni sahihi na haimsaidii mama kitu chochote.

Wanachofanya ni kuvuta mstari mnyoofu, wanagawa kwa spidi ya ndege, wanajazia nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Sasa hiyo ndege iko wapi? Tumetafuta tiketi, kila tuliyoikuta inapita Dar. Na pima kwa mstari huohuo: Kigoma–Dar kama kilomita 1,075, halafu Dar–Songwe nyingine 690 hivi. Yani mtu yuko Ziwa Tanganyika, anataka kushuka kusini tu, anapelekwa kwanza mpaka Bahari ya Hindi ndo arudishwe bara, karibu mara tatu ya umbali, na kila kilomita anailipia yeye. Ukifika Dar ndege ya Mbeya imeshaondoka, unalala, utafute lodge na chakula na usafiri wa alfajiri kurudi airport, huku kule wanakupigia simu kuuliza wakusubiri au wazike. Hili la kuzika ndugu yako haupo linaniuma mno, na wanaokutana nalo ni wengi sana huku magharibi.

Halafu Songwe yenyewe haiko mjini tena kama kile kiwanja cha zamani, tangu 2012 unatua huko nje halafu unaingia barabara ya Tunduma, na foleni ya malori Mbalizi mnaijua.

Basi lipo, Uvinza, Mpanda, Sumbawanga, Tunduma, kwa mwenye mgongo mzima. Na enzi za MV Liemba ulikuwa unashuka na ziwa mpaka Kasanga ndo upande Sumbawanga. Meli iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915 ilikuwa inaelekea kusini moja kwa moja, ndege ya leo inaelekea mashariki, hebu fikirieni jamani.

Najua nitaambiwa abiria hawapo. Haya, nakubali kwamba ile Dash 8 ya watu 76 huwezi kuijaza kila siku kwa Kigoma na Mbeya peke yake. Lakini hao abiria mmewahesabia wapi kama njia yenyewe haipo mbele yao? Wenye mawese na dagaa, wenye mchele wa Kyela, wanafunzi, wagonjwa, wote wamo kwenye mabasi, na wa kwenye basi haonekani kwenye hesabu za shirika la ndege.

Sidai ndege kubwa. Nataka ndege ndogo, hata mara mbili kwa wiki, Kigoma–Mpanda–Songwe, ijaribiwe mwaka mzima na siyo miezi miwili halafu mseme imeshindikana. Mpanda lami ya kurukia ipo, na Katavi ndo mkoa ambao mgonjwa wake akizidiwa anaandikiwa rufaa ya Mbeya.