Otieno ni Atieno

Tangu alfajiri watu wananitumia picha za papa. Kumbe jirani yangu, huyohuyo niliyempa kiti na chai ya maziwa jana, amesharusha sauti ya dakika tatu kwenye kila kundi analolijua, anasema nimeumwa na samaki nikapiga nduru nikapanda juu ya kochi.

Uongo. Sikupanda kochi. Ilikuwa stuli.

Na mkinisikiliza mpaka mwisho mtaona heri mngebaki na hiyo sauti yake, maana yeye hakuelewa kilichotokea.

Wanaonifuata siku nyingi wanalijua tangi langu. Waliochelewa: ni lita 120, maji ya chumvi, liko sebuleni, na sebule iko Kisumu. Ndiyo, Kisumu. Mama mboga wa pale chini ya ploti hunikuta nikikoroga chumvi ya akwariamu kwenye ndoo, gramu 35 hivi kwa kila lita, na kila mara ananiuliza, "Ziwa lote lile halikutoshi, mpaka ujitengenezee bahari?" Wageni nao wakiinama kuchungulia kioo wana swali lao moja: huyu ni wa kukaanga ama wa mchuzi? Mji wa ngege na mbuta huu. Samaki asiyeshuka na ugali anaonekana mzembe, na anayemfuga ndiyo kabisa.

Sasa, Akinyi. Huyu alinifikia kutoka Mombasa mwaka jana, asubuhi na mapema, ndani ya mfuko wa oksijeni, na kwa Wajaluo msichana wa asubuhi ni Akinyi, ndiyo jina likaja lenyewe. Ni klaunifishi, samaki mdogo wa baharini, lakini si yule wa rangi ya machungwa ambaye watoto wenu wanamtaka. Huyu ni wa pwani yetu wenyewe, wataalamu wanamwita Amphiprion allardi: mwili wa kahawia iliyokoza, mapezi ya manjano, mistari miwili myeupe kama mtu aliyevaa sare. Amekaa peke yake miezi 14. Ishikeni hiyo miezi 14, nitaidai baadaye.

Nikaona anaboeka. Nikampigia muuzaji nikamwambia namtafutia Akinyi mume. Akaniuliza, "Nikupe mdogo?" Nami, mtu mzima mwenye akili zangu, nikamjibu, "Mdogo wa nini? Mwanamume wa kuoa atakuwaje mdogo kuliko bibi? Nataka aliyekomaa, mkubwa kabisa." Akaniuliza mara ya pili kama nina uhakika. Nikasema ninao. Kwa hiyo simlaumu mtu. Alikuwa naye mmoja mkubwa, naye kalelewa peke yake kwenye tangi miaka miwili. Akaja na basi la usiku. Mwanamume aliyezaliwa usiku ni nani? Otieno. Nikaona hata majina yamekubali.

Jumamosi jioni nyumba ilikuwa imejaa. Mke wangu alipika chapati. Jirani alikuja kwa harufu ya chapati. Na baba yake mdogo mke wangu, jaduong', yaani mzee, ambaye ninamheshimu na ambaye hajawahi kunielewa, alikuwa amelala kwetu akingoja kurudi Siaya. Nikasimama mbele ya tangi nikatangaza kwamba leo ni ayie, ile sherehe ya Wajaluo ya kumpa mama wa bibi arusi bahasha ya pesa. Jaduong' akauliza bahasha ya mama yake Akinyi iko wapi. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Hicho ndicho kicheko changu cha mwisho wiki hii.

Nikamwachilia Otieno.

Akashuka polepole. Akinyi alikuwa kwenye kona yake nyuma ya jiwe. Akatoka. Wakatazamana. Sebule kimya. Halafu nikasikia kitu nilichokuwa sijawahi kukisikia ndani ya tangi langu: tak, tak, tak, kama mtu anagonga kioo kwa kucha. Nikanyanyua kidole. "Sikieni," nikawaambia wageni, "anamwimbia."

Ni meno, jamani. Ni samaki anagonganisha taya kumwambia mwenzake atoke kwake.

Wakasogeleana, mdomo kwa mdomo, wakashikana. Nikasema, na Mungu anisamehe, "Mnaona? Wanabusiana." Jirani akatoa simu. Wakazunguka mara moja, mara mbili, bado wameng'ang'aniana, mchanga ukatimka. Mke wangu akaweka sahani chini.

"Baba watoto, hicho kinachoelea ni nini?"

Nikakiangalia. Kilikuwa cha manjano.

"Ni pezi," nikasema.

Nikakimbilia jikoni, cha kwanza kushika kikawa chujio la chai. Nikapanda stuli (mnaona? stuli ilikuwepo tangu mwanzo, kwa kazi), nikakunja mkono wa shati, nikaingiza mkono taratibu kama mtu anayeamua ugomvi wa mashemeji. Akinyi akamwachilia Otieno. Akageuka. Akanitazama. Nimemlisha miezi 14 kwa vidole hivihivi. Akarudi nyuma kidogo, nikadhani amenitambua.

Akaja.

Alinishika pale kwenye ngozi laini kati ya kidole gumba na cha shahada. Nitasema ukweli: maumivu yenyewe ni kama kubanwa na kibanio cha nguo. Ana urefu wa kalamu ya watoto. Mimi nina kilo 94. Lakini ile nduru haikutoka kwangu, ilitoka kwa shangazi fulani ambaye sikujua ninaishi naye ndani ya kifua. Ilikuwa ndefu. Katikati yake nilivuta pumzi nikaendelea. Mkono ukaruka nje ya maji na chujio, likamwaga bahari ya Hindi yote upande wa kulia, pale alipokaa jaduong' na kikombe chake.

Akanywa. Akafikiri.

"Mmetia chumvi," akasema.

Muuzaji nilimpigia nikiwa bado juu ya stuli, simu kwenye spika, kosa lingine. Akaeleza mbele ya watu wote, bila haraka, kwamba klaunifishi wote huanza wakiwa madume. Anayetawala, mkubwa kuliko wote, ndiye hugeuka jike, na akishageuka harudi. Wa pili wake ndiye mume, na mume huwa mdogo. Akikaa mmoja peke yake mpaka akakomaa, mwishowe anageuka naye. Miezi 14, mmeikumbuka? Na mwenzake, miaka miwili.

Jaduong' akaomba simu isogezwe karibu.

"Kwa hiyo Otieno ni mwanamke?"

"Ndiyo, mzee."

"Na alizaliwa mwanamume?"

"Ndiyo, mzee."

Akanigeukia. "Basi huyo si Otieno. Ni Atieno." Herufi moja tu, na jina la kiume limekuwa la kike. "Na wewe umeita watu kwenye harusi ya wake wawili wasio na mume."

Yaliyofuata hayana maana. Atieno yuko kwenye ndoo ya kufulia na pampu yake, anakula, pezi litaota, mke wangu anataka ndoo yake. Muuzaji anamrudisha na kuniletea kadogo, karefu kama gumba, ambako kwanza katakaa ndani ya chombo chenye matundu ili Akinyi akazoee. Anasema kakianza kulala ubavu na kutetemeka mbele yake, nijue ndoa imekubalika. Mke wangu aliposikia hivyo alinitazama kwa muda mrefu.

Mkono hauna hata alama, acheni kuuliza.

Jaduong' amepiga simu leo kutoka Siaya. Amesema amefika salama, akauliza Atieno anaendeleaje, akakata.