Gari Moja, Mahali Pawili

Maegesho mengi ya supamaketi hapa Uingereza yanasimamiwa na kampuni binafsi, na kampuni binafsi haina mamlaka ya kumpiga mtu faini. Wanachofanya ni kutundika bango. Ukiingiza gari, unahesabiwa kuwa umekubali mkataba ulioandikwa pale, hata kama kuyasoma maandishi yenyewe kunahitaji ngazi. Ukivunja mkataba, wanakudai. Jina na anwani yako wanavipata kwenye idara ya serikali inayosajili magari, kwa pauni 2.50. Bei hiyo iliniuma kuliko dai lenyewe. Miaka yote hii nilidhani nina thamani kidogo.

Mimi walinidai pauni 100, au 60 nikilipa ndani ya siku 14. Eti gari langu limekaa saa tisa na nusu mahali panaporuhusiwa saa mbili. Ushahidi ni picha mbili: linaingia saa tatu asubuhi, linatoka saa kumi na mbili na nusu jioni. Namba ni zangu, gari ni langu, hata stika ya kwaya kwenye kioo cha nyuma inasomeka.

Siku hiyo mimi nilikwenda kazini kwa treni. Gari alikuwa nalo mke wangu, Mama Neema.

"Mama Neema, ulikuwa unafanya nini supamaketi kutwa nzima?"

"Nilikwenda mara mbili. Asubuhi nilifuata maziwa, jioni nikarudi kufuata vitunguu. Katikati nilikuwa na shughuli zangu."

"Shughuli gani?"

"Baba Neema, unadaiwa na kampuni au unadaiwa na mimi?"

Basi nikanyamaza. Mambo yenyewe yalikuwa wazi. Kamera ilinasa alipoingia asubuhi, ikakosa alipotoka. Jioni ikakosa alipoingia, ikanasa alipotoka. Lori likikuziba, au ukimfuata mwenzako kwa karibu mno, kamera haikuoni. Kompyuta nayo haina mashaka: ikachukua picha ya kwanza na ya mwisho, ikazishona, ikatoka na mwanamke aliyekesha mchana kutwa akichagua vitunguu.

Nikawaandikia. Wakakataa. Nikapeleka rufaa kwenye chombo cha usuluhishi cha maegesho, wakasema sina ushahidi kwamba gari liliondoka. Risiti zilishatupwa, na maziwa tulishayanywa.

Zikaanza barua za wakusanya madeni. Pauni 100 ikageuka 170, na kila barua wino unazidi kuwa mwekundu. Kwa wiki kadhaa mlango ukigongwa tulizima taa na kulala chini. Siku moja tuliyemkimbia alikuwa jirani, anarudisha sahani yetu. Baadaye ndipo nikajua kwamba watu wale hawana ruhusa ya kuchukua hata kijiko. Wanaoruhusiwa kuja kubeba mali huja baada ya hukumu ya mahakama, na hapakuwa na hukumu yoyote.

Kisha ikaja bahasha kutoka Northampton, na hiyo haikuwa mchezo. Ni fomu ya madai ya mahakama: ile 170, riba juu yake, pauni 35 za kufungua kesi, pauni 50 za wakili. Ukiipuuza unahukumiwa bila kusikilizwa, na usipolipa ndani ya mwezi, doa linakaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka sita. Unapewa siku 14 za kujibu, na ukitoa taarifa kwamba umeipokea, unapata 28 kwa jumla za kuandika utetezi. Nikajibu. Ikafuata simu ya mpatanishi: kampuni iko tayari kupunguza, je, nilipe yaishe?

"Lipa," akasema Mama Neema.

Hapo nikashtuka. Huyu ni mwanamke anayegombana na mashine ya kujilipia ikimwambia mfuko wake una uzito usioeleweka. Leo anataka kulipa? Nikakataa, nikamwambia tunakwenda kusikilizwa na yeye atakuwa shahidi. Ataandika alikokuwa saa ngapi, chini aweke sahihi kwamba anasema kweli, na ukidanganya hapo unaweza kushtakiwa kwa kudharau mahakama.

Akaingia jikoni. Akainua ndoo ya unga. Akarudi na bahasha.

Ilikuwa barua ya halmashauri, na hii sasa ni faini ya kweli. Tarehe ile ile. Saa saba na dakika kumi mchana, ng'ambo ya mji, gari letu limetulia katikati ya njia ya mabasi, stika ya kwaya inang'aa. Faini pauni 70. Alikuwa ameiwahi mlangoni kabla yangu, akalipa mapema nusu, 35, akaifukia. Na ndiye anayenishika mkono nikiusogelea tu mstari wa njia ya mabasi!

Nilitaka kukasirika, lakini furaha ilinizuia.

Chumba cha mahakama kilikuwa na meza tu na viti. Hakuna joho, hakuna nywele za bandia. Wakili wa kampuni alikuwa kijana mpole, na alivyofunua faili ungedhani wamekutana asubuhi hiyo. Akaanza na kesi ya Beavis ya 2015, ambapo Mahakama ya Juu ilisema pauni 85 kwa kupitiliza muda kwenye maegesho ya Chelmsford ni halali. Jaji akamwacha amalize, kisha akamkumbusha kwamba Bwana Beavis hakubisha kuwa gari lake lilikaa. "Hili lilikuwa maegeshoni saa saba mchana, au lilikuwa njia ya mabasi?"

Kijana akapendekeza kwamba labda kuna mtu ameghushi namba zetu.

"Mheshimiwa, hakuna wa kughushi," Mama Neema akadakia kabla hajaulizwa. "Hapo ni mimi. Nilivunja sheria mwenyewe na nimelipa. Na hiyo ni stika ya kwaya yetu."

Jaji akaweka picha za kampuni kando ya ile ya halmashauri, akatazama stika, akamtazama kijana. Kijana akatazama faili. Dai likatupwa. Kwenye madai madogo kila mtu hubeba gharama zake za wakili, lakini aliyeshinda anaweza kufidiwa ujira wa siku, usiozidi pauni 95, pamoja na nauli. Nikapewa.

Tulirudi kwa basi, maana sikutaka kuyajaribu maegesho ya karibu na mahakama. Nilikuwa bado natabasamu dirishani Mama Neema aliponyoosha kiganja.

"Thelathini na tano zangu."

"Za nini?"

"Za ushahidi."

"Mama Neema, hawajanitumia hata senti."

"Sawa. Ukilipa ndani ya siku kumi na nne ni thelathini na tano. Ukichelewa, sabini."