Mwaka wa Kazini Hauko Nje ya Masomo ya Ubongo

Ugunduzi wangu wa kwanza katika sayansi ya ubongo ulihusu kukauka kwa maji. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa shahada ya sayansi ya neva na, kwa mujibu wa programu yetu, nikapelekwa kwa miezi 12 katika kampuni inayotafuta dawa mpya za kifafa, kabla ya kurudi chuoni kumalizia mwaka wa mwisho. Kazi niliyopangiwa ilikuwa kuotesha seli za neva katika bamba la plastiki lenye vishimo 384, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita chache tu, kuzitilia dawa za majaribio, na kupima jinsi rangi maalumu iliyomo ndani ya seli inavyong'aa kila zinapofyatua umeme. Seli zenyewe zilianzia kwenye ngozi ya watu waliojitolea, zikarudishwa katika hali ya uchanga kwa mbinu iliyotokana na kazi ya mtafiti wa Kijapani Shinya Yamanaka ya mwaka 2006, kisha zikaelekezwa upya ziwe neva.

Katika wiki ya tatu nilipata dawa sita zilizotuliza seli vizuri mno. Nilichora grafu, nikaipeleka kwa msimamizi wangu huku nikijiona nimeula. Hakuitazama. "Hebu nionyeshe kwanza," alisema, "hizo sita ziko wapi kwenye bamba?" Zote sita zilikuwa ukingoni. Vishimo vya ukingoni hukauka haraka kuliko vya katikati. Maji yakipungua, chumvi huzidi ukali, na seli hutulia zenyewe bila msaada wa dawa yoyote. Kesho yake nilifundishwa kujaza vishimo vya ukingoni maji matupu na kuviacha hivyo, na kuzitawanya dawa kwenye bamba kwa mpangilio wa bahati nasibu ili mahali pa kishimo pasije pakajifanya tabibu.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu vyuo vingi huutangaza mwaka wa mafunzo kwa vitendo kama ngazi ya kupandia ajira, na wanafunzi nao huupima kwa kipimo hicho hicho: je, kampuni itaniita tena nikihitimu? Swali hilo si la kipuuzi, maana kodi na karo hazilipwi kwa mapenzi ya sayansi. Hata hivyo, nadhani linaficha faida iliyo kubwa zaidi, nayo ni kwamba kazini ndiko mwanafunzi anakoona jinsi dai kuhusu ubongo linavyofikia hadhi ya kuaminika, jambo ambalo mihadhara mingi hulipita kana kwamba halipo.

Chukua mfano ambao kila mwanafunzi wa fani hii hukutana nao. Alan Hodgkin na Andrew Huxley walieleza jinsi umeme unavyosafiri katika neva, wakitumia neva nene ya ngisi, katika makala walizochapisha mwaka 1952, na Tuzo ya Nobel ikafuata mwaka 1963. Darasani hayo huchukua slaidi moja au mbili: mchoro wa mawimbi, milinganyo, tunasonga mbele. Slaidi haisemi kwamba rekodi yao ya kwanza kutoka ndani ya neva hiyo ilikuwa ya mwaka 1939, kwamba vita viliikatiza kazi kwa miaka, wala kwamba Huxley alikokotoa mawimbi yale kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, hatua baada ya hatua. Mwanafunzi hutoka akiijua milinganyo, lakini hajui ni nini hasa kilichowapa watu wale ujasiri wa kuiamini. Sisemi mhadhiri asimulie historia nzima, kwani hata muda haumruhusu. Nasema kuna aina ya ujuzi usioingia kwenye slaidi.

Ujuzi huo unahitajika zaidi katika fani yetu kuliko katika nyingine nyingi, kwa sababu ubongo ni kiungo kinachowaumbua watu wenye haraka. Dawa inaweza kufanya maajabu kwenye bamba, kisha ikazuiwa na kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, au ikamtuliza panya na isimfae mgonjwa. Aducanumab, dawa ya Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu polepole, ni kisa cha kutafakari. Majaribio yake mawili makubwa yalisitishwa mwaka 2019 kwa kuonekana hayana matumaini, takwimu zikachambuliwa upya, na jaribio moja likaonyesha nafuu huku pacha wake akikataa. Wataalamu washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani hawakuridhika, lakini mwaka 2021 dawa ikapewa idhini, na mwaka 2024 mtengenezaji akatangaza kuiacha. Kabla ya kwenda kazini ningekisoma kisa hicho kama ugomvi wa wakubwa. Niliporudi nilijikuta nikiuliza maswali ya mtu aliyewahi kudanganywa na vishimo vya ukingoni: uchambuzi ulipangwa lini, kabla au baada ya kuyaona matokeo? Wangapi walipata kipimo kamili cha dawa katika kila jaribio?

Kingine kilichonibadilisha ni daftari. Pale kazini liliandikwa kwa wino, kurasa zake zikiwa na namba, na ilikuwa mwiko kufuta. Ukikosea, unapiga mstari mmoja tu ili kosa liendelee kusomeka, unaandika herufi za jina lako na tarehe, na kando yake unaeleza sababu ya kusahihisha; kisha mtu mwingine anausoma ukurasa na kutia sahihi. Mwezi wa kwanza utaratibu huo ulinichosha, maana nilizoea madaftari ya chuoni ambayo, tuseme kweli, wengi wetu tuliyaandika upya usiku wa kuamkia siku ya kuyakusanya, yakiwa safi na yasiyo na kosa hata moja. Baada ya miezi minne nililirudia daftari langu kutafuta kwa nini kundi moja la seli lilikuwa likifa mapema kuliko mengine, na jibu nililipata kwenye mstari uliokatwa: siku hiyo nilikuwa nimebadilisha chupa ya lishe ya seli. Daftari safi lisingeniambia.

Mwaka huo una kasoro zake, na baadhi si ndogo. Unaweza kuishia kufanya jambo moja mwaka mzima, nami kwa wiki nyingi sikuwa na tofauti na mashine ya kumimina. Usiri wa kibiashara nao ni kikwazo: ripoti yangu ilizitaja dawa kwa namba tu, baadhi ya grafu zikaondolewa kabisa, na mhadhiri aliyeisahihisha alibaki na lugha na mpangilio tu wa kutolea maksi. Chuo kingeweza kukubaliana na kampuni mapema, kabla mwanafunzi hajafika, juu ya sehemu gani ya kazi itaandikwa wazi. Kuhusu nafasi zisizo na malipo sina msimamo wa kati: mwaka mzima bila ujira ni mlango unaofunguliwa kwa wenye wazazi wenye uwezo, na chuo kinachoitambua nafasi ya namna hiyo kinashiriki kuufunga kwa wengine.

Wapo pia wanaosema kwamba mwenye nia ya kuwa mtafiti wa chuo hana haja ya kupoteza mwaka kwenye kampuni. Nawaelewa, hasa wale wanaopenda upande wa hesabu na nadharia, ambao huhitimu mapema na kuendelea na safari. Ila neno "kupoteza" ndilo linalonikera, kwa sababu linachukulia kwamba sayansi hufanyika chuoni na kazini hufanyika kitu kingine. Chuo changu chenyewe kilikuwa na imani hiyo, hata kama hakikuitamka. Mhadhiri wa kunifuatilia alikuja mara moja, akanywa chai na msimamizi wangu, akaondoka bila kuingia maabara. Fomu ya tathmini iliyotumwa baadaye ilikuwa ya ukurasa mmoja: mahudhurio, mavazi, ushirikiano na wenzake, kutii maelekezo. Niliipitia mara mbili nikitafuta mstari unaouliza ni jaribio gani lilikwenda mrama, na mwanafunzi alilijuaje.