Msiseme ni pesa tu

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi wangu hapa Indianapolis, mzee wa Kikongo anayetunyoa karibu wote tunaosema Kiswahili upande huu wa mji. Runinga ilikuwa inarudia fainali ya Januari 2026 ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo, ile waliyoshinda Indiana. Kijana aliyekuwa anasubiri zamu akasema bila kuinua macho kwenye simu: "Hawa ni pesa tu. Matajiri wamewanunulia timu." Mzee akaitikia, "Pesa tu, ndugu." Mimi kichwa kilikuwa kimeinamishwa, mashine iko shingoni, nikanyamaza. Sikupenda kunyamaza, na ndiyo maana naandika.

Nilipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Indiana, kule Bloomington, Jumamosi za msimu nilifanya kibarua cha kuokota taka majukwaani baada ya mechi za futiboli. Robo ya tatu ikianza, jukwaa la wanafunzi lilikuwa limebaki zege na vikombe. Wengine walichoma nyama kwenye maegesho tangu asubuhi, wakala, wakanywa, wakarudi nyumbani bila hata kuingia uwanjani. Siku moja ya Novemba nilimkuta bibi mmoja peke yake kwenye safu nzima, blanketi jekundu magotini, mechi imeshaisha na tumeshapigwa. Nikamwuliza kama anataka nimshike mkono kushuka ngazi. Akasema ana tikiti tangu msimu wa 1967, ule uliowapeleka Rose Bowl, ile mechi kubwa ya mwaka mpya, na anangoja waende tena.

Hiyo ndiyo Indiana niliyoijua. Kocha Curt Cignetti anaajiriwa mwisho wa Novemba 2023, hakuna timu ya daraja la juu la futiboli ya vyuo iliyokuwa imepoteza mechi nyingi kuliko sisi tangu mchezo uanze. Misimu mitatu iliyotangulia tulishinda mara 2, mara 4, mara 3. Hatukuwa tumewahi kufikisha ushindi 10 katika msimu mmoja. Msimu wake wa kwanza tukashinda 11, tukafungwa na Ohio State na Notre Dame tu, hao hao waliokwenda kucheza fainali. Msimu wa pili, mechi 16, ushindi 16, ubingwa wa taifa. Alabama tuliwafunga 38-3, na ilikuwa Rose Bowl. Nilimkumbuka yule bibi kabla hata mechi haijafika mapumziko.

Sasa mnieleze pesa zilivyofanya hivyo. Cignetti alipokuja alikuwa analipwa kama dola milioni 4 kwa mwaka. Chuo cha North Carolina walimchukua Bill Belichick, mtu mwenye vikombe sita vya Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, kama kocha mkuu, kwa milioni 10 kwa mwaka. Mechi yake ya kwanza chuo cha TCU walimchapa 48-14, na msimu wa 2025 akaumaliza na ushindi 4 na vipigo 8. Kwa hiyo tukisema "kocha mkubwa" tuelewane tunasema nini. Jina na vikombe vya ngazi nyingine si kazi hii. Kazi hii ni kuchukua watu waliozoea kufungwa na kuwaondolea mazoea hayo, na Cignetti alikuwa ameifanya miaka mingi mahali ambapo hakuna kamera. Alikuwa msaidizi wa kocha maarufu Nick Saban pale Alabama, akaondoka kwenda kuwa kocha mkuu wa chuo cha daraja la pili huko Pennsylvania, alikowahi kufundisha baba yake. Halafu chuo cha Elon. Halafu chuo cha James Madison, ushindi 52 na vipigo 9. Hajawahi kuwa na msimu wenye vipigo vingi kuliko ushindi. Anafika kwetu ana miaka 62 na anajua anachotafuta.

Alichotafuta kwanza ni watu. Alikuja na benchi lake la ufundi, Mike Shanahan wa mashambulizi na Bryant Haines wa ulinzi, na wachezaji 13 wa James Madison. Hawakuwa nyota wanaogombaniwa na vyuo vikubwa. Walikuwa vijana waliokwisha kucheza mechi nyingi, na yeye mwenyewe aliwaona wakizicheza. Aiden Fisher, D'Angelo Ponds, Elijah Sarratt, Mikail Kamara: nani kati yenu alikuwa anawafahamu 2023? Kununua kila mtu ananunua. Kujua yupi wa kumchukua, akifika asimame wapi, na asipofanya kazi yake Jumanne aambiwe nini, huko ndiko kocha anakolipiwa.

Angalieni mechi ya Penn State, Novemba 2025, kwao. Tuko nyuma, zimebaki chini ya dakika mbili, yadi 80 mbele yetu, hatuna tena nafasi ya kusimamisha saa. Jaribio la kwanza mrushaji wetu, Fernando Mendoza, anaangushwa na mpira mkononi. Timu ninayoijua mimi ingekufa pale pale. Hawa wakajipanga, wakacheza tena, wakacheza tena, hadi Omar Cooper akaudaka ule mpira nyuma kabisa ya eneo la kufungia, mwili uko hewani, ncha ya kiatu inagusa nyasi kabla hajatoka nje. 27-24. Nimeirudia picha ile mara nyingi, na ninachotazama siku hizi ni nyuso za walinzi wa Mendoza baada ya kuangushwa. Hakuna aliyeinamisha kichwa.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba bila ruhusa hii ya wachezaji kuhama bila kukaa nje msimu mzima, isingewezekana kwa haraka hivi. Nakubali pia kwamba wahitimu wetu matajiri wamefungua mifuko, na kwamba fedha za televisheni za ligi yetu, Big Ten, si haba. Colorado nao walitumia mlango huo huo: chini ya kocha Deion Sanders wakapanda kutoka ushindi 1 na vipigo 11 hadi ushindi 9 na vipigo 4, kisha nyota wao Travis Hunter na Shedeur, mwana wa kocha, wakaondoka, wakarudi ushindi 3 na vipigo 9.

Lakini kocha Bill Snyder hakuwa na lolote kati ya hayo. Kansas State walimpa timu mwaka 1989, timu iliyocheza mechi 27 mfululizo bila kushinda hata moja. Wachezaji walikuwa hawalipwi, kuhama kulikuwa adhabu, na mji wa Manhattan uko katikati ya mashamba ya Kansas. Msimu wa kwanza alishinda mechi moja. Wa pili tano. Wa tatu saba. Mwaka 1998 walifika namba moja nchini kwenye orodha ya makocha. Akastaafu 2005, timu ikaanza kuteleza, wakamrudisha 2009, na 2012 wakatwaa ubingwa wa ligi yao, Big 12. Chuo kile kile, mashamba yale yale, mzee amerudi ana miaka 69.

Mzee wangu wa saluni, tikiti ya Septemba nimeshakukatia. Tutakaa jukwaa la mashariki, karibu na ile safu, na tutafika kabla ya mpira wa kwanza kupigwa.