Msiache skripti ikisie namba za watu

Jumapili iliyopita saa nne usiku nilipigiwa simu na mama mmoja wa kikoba chetu, mtu mzima, ni kati ya wale waliokianzisha enzi za kukaa chini ya mwembe na sanduku la kufuli tatu. Nikampa shikamoo, akaitikia, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, miaka yote hii sijaruka mwezi hata mmoja, leo naona jina langu kwenye grupu la WhatsApp nimeandikwa sijachangia. Nimekosa nini?" Hakufoka, na afadhali angefoka.

Hajakosa kitu. Aliyekosa ni mimi, niliandika skripti, yaani programu fupi, kwa lugha ya Python, inayosoma mafaili matatu na nikaiacha ikisie.

Mafaili yenyewe ndo haya ambayo kila mtu anayesaidia kikundi au saccos anayajua. La kwanza ni orodha ya zamani ya katibu, imetoka kwenye Excel ikahifadhiwa CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma), wanachama 77. La pili ni fomu ya wanachama wapya waliojaza kwa simu, inakuja kama JSON (mtindo mwingine wa kuandika taarifa), wapo 41. La tatu ni taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha nani katuma hela. Kazi ya skripti ni kulinganisha namba ya simu ya mwanachama na namba iliyotuma hela, basi. Na ilifanya kazi vizuri miezi kadhaa mpaka nikawa hata siifungui kuangalia.

Sasa mwezi huu katibu alifuta namba ya mwanachama mmoja aliyebadilisha laini, akaacha kisanduku wazi. Kisanduku kimoja tu! Lakini pandas, laibrari ya Python yaani programu ya tayari ya kusoma majedwali, ikisoma CSV bila kuambiwa kitu inaangalia safu nzima, ikiona tarakimu tupu inasema hizi ni namba kamili, inakata sifuri ya mbele, 0754 inakuwa 754 (hili nilikuwa nalijua na nilishaliwekea dawa kwa kubandika 255, kodi ya simu ya Tanzania, mbele), ila kukiwa na nafasi moja wazi haiwezi kuziweka kama namba kamili za kawaida tena kwa hiyo inazigeuza ZOTE kuwa za desimali, na namba ya simu ya kila mmoja inaishia na nukta na sifuri. Hakuna namba ya simu duniani inayoishia na nukta sifuri. Kwa hiyo waanzilishi wote 77 hawakufanana na muamala wowote, wakaingia kwenye orodha ya wasiochangia, katibu akaibandika kwenye grupu. Skripti haikugoma wala haikutoa onyo, ilimaliza kama kawaida.

Ndo maana nasema kwa herufi kubwa kama ikibidi: KILA KITU KIINGIE KAMA MAANDISHI KWANZA. Namba ya simu si namba. Hujawahi kujumlisha simu ya Asha na simu ya Juma, hujawahi kutafuta wastani wa namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa). Hayo ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu, na jina haliguswi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, Excel inatunza tarakimu 15 tu za namba, zilizobaki inazifanya sifuri, ukihifadhi hivyo zimekwenda na hakuna skripti itakayozirudisha. Kwenye pandas dawa ni maneno mawili tu, dtype=str na keep_default_na=False, yaani soma kama ilivyo na usinifutie kitu.

Hilo la pili watu wanalidharau. Kwa hali yake ya mwanzo read_csv, amri ya pandas ya kusoma CSV, ina orodha ya maneno inayoyahesabu kuwa "hakuna kitu", na NA kwa herufi kubwa ni mojawapo. Ukisoma orodha ya nchi kwa herufi mbilimbili, Namibia inapotea maana kifupi chake rasmi ni NA. Na fikirieni sisi, mtu ana orodha ya maneno ya Kiswahili kwa herufi kubwa, neno NA liko peke yake kwenye kisanduku, linafutwa. Neno tunalolisema kila sentensi! Nililiona hilo siku moja kwenye kazi ya kuhesabu maneno na liliniuma, maana aliyetunga ile orodha wala hakuwa na nia mbaya, kwake herufi hizo hazikuwa neno.

Tarehe nazo. Sisi 03/04 ni tarehe tatu mwezi wa nne, pandas usipoiambia dayfirst (yaani siku inatangulia) inasoma tarehe nne mwezi wa tatu, na kabla ya toleo la 2.0 la Aprili 2023 ilikuwa ikikutana na 13/04 kwenye safu hiyohiyo inageuza yenyewe bila kugoma, safu moja ina mpangilio wa aina mbili. Siku hizi angalau haichanganyi hivyo. Tarehe ya Excel nayo ikikufikia kama 45000 ujue ni Machi 15, 2023, inahesabu siku. Na saa ndo kabisa, mkusanyaji wa taarifa akiandika saa 3 asubuhi amemaanisha 09:00 na hakuna laibrari inayojua hivyo, labda uiandikie mwenyewe.

Nakubali, kukisia kuna raha yake ukitaka kuchungulia faili mara moja, na ukiwa na mamilioni ya vipimo vya mvua kuviweka kama maandishi kunakula memori. Sawa. Ila hata kukisia kuna kukisia kwa adabu, wenzetu wa lugha ya R wakisoma na readr, laibrari yao ya kusoma mafaili, ikiona sifuri mbele inaiacha kama maandishi. Kwa hiyo inawezekana.

Baada ya kusoma kama maandishi ndo unageuza mwenyewe, safu kwa safu, ukijua unachofanya. Simu: ondoa nafasi, ondoa alama ya kujumlisha na vistari, ikianza na 0 na ina tarakimu 10 weka 255 badala ya hiyo 0, ikiwa na 9 na haianzi na 0 bandika 255, ikiwa na 12 na imeanza na 255 iache. Isiyoingia popote hapo USIITUPE, iandike kwenye faili la pembeni pamoja na jina na mstari iliyotoka, mtu aangalie kwa macho. Halafu hesabu: mistari iliyoingia lazima iwe sawa na iliyofaulu ukijumlisha na iliyowekwa pembeni, isipolingana skripti isimame hapohapo.

Hiyo hesabu si mapambo. Oktoba 2020 Uingereza walikuta wagonjwa 15,841 wa korona hawamo kwenye takwimu za kila siku, maana mafaili ya CSV kutoka maabara yalikuwa yanaingizwa kwenye mfumo wa zamani wa Excel, XLS, unaobeba mistari 65,536 na basi, iliyozidi haikuingia. Watu waliokaa karibu na wale wagonjwa walichelewa kutafutwa. Nchi tajiri, wataalamu wamejaa, na kilichokosekana ni mstari mmoja wa kulinganisha idadi.

Kwetu hakuna aliyeumwa, lakini mama wa watu amelala na aibu usiku mzima mbele ya majirani aliokaa nao miaka yote, na aibu hiyo imetoka kwenye laptopu yangu. Vijana mnaosaidia vikundi vya mama zenu na shangazi zenu, naomba muichukulie hivyo, ile safu ya tarakimu ni watu.

Jumatatu asubuhi niliandika upya. Kati ya 118, wamefanana 115, watatu hawakufanana na wako kwenye faili la pembeni. Mmoja ni yule aliyebadilisha laini. Wa pili namba yake imepungua tarakimu moja tangu kwenye daftari. Wa tatu alituma hela kwa simu ya mwanawe, na hilo nililijua baada ya kumpigia. Kwa yule mama nilikwenda mwenyewe nyumbani jioni, katibu naye akaandika kwenye grupu kwamba orodha ilikuwa na makosa, na majina yote 77 akayataja moja moja.