Friji Niliyoitoa Sadaka, na Vilivyomo

Nina miaka 17 natengeneza friji hapa Jinja, Uganda, kwa hiyo tulipoamua kutoa ile yetu ya milango miwili sikutaka ushauri wa mtu.

Nilianza vizuri. Watu hupenda kuvitupia vikundi mabovu yao kisha wanaita sadaka. Mimi nilimpigia kwanza Hajati, mwenyekiti wa akina mama wanaouza juisi ya pasheni. Umeme mnao? Wanao, wa Yaka, ule wa kulipia kabla. Soketi ya pini tatu? Ipo. Mnaitaka kweli? "Fundi, hata leo."

Alhamisi nikachomoa waya, nikatoa rafu za kioo, nikazifunga kwa magazeti. Milango nikaizungushia selotepu isije ikafunguka njiani.

"Umetoa vya ndani?" mke wangu akauliza.

"Nimetoa."

Mlango wa friza sikuugusa. Ulikuwa umeganda, nikasema barafu itayeyuka yenyewe.

Pikapu ikapatikana Jumapili. Barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wetu, ilikuwa mfukoni, maana kuhamisha vyombo bila barua ni kujitafutia maswali barabarani. Vijana wawili wa kubeba wakataka kuilaza. Nikafoka: ukiilaza, oili ya kompresa inapanda kwenye mabomba! Wakaiinamisha kidogo tu, na maji ya ile trei ya nyuma, inayokaa juu ya kompresa, yakammwagikia mmoja kifuani. Akanusa shati.

"Mzee, maji gani haya?"

"Barafu."

Kule tukakuta viti vya plastiki vimepangwa na dua imeandaliwa. Hajati akataka kuwasha papo hapo. Nikamzuia: iliinama, isubiri masaa manne oili irudi chini. Na muda ule nikautumia. Nikafundisha kuiweka mbali na ukuta, mgongo upumue. Nikafundisha kwamba umeme ukikatika na kurudi, usiwashe mpaka zipite dakika tano. Walinisikiliza kwa adabu huku wakipunga nzi kwa leso. Moyoni nikamlaumu jirani yao, huenda hamwagi taka.

Masaa yalipotimia Hajati akakata selotepu, akavuta mlango wa juu.

Sangara. Kilo mbili, siku ya nne, joto la Jinja. "Amina" ya mstari wa mbele ikakatikia kwenye "a". Yule kijana wa shati akanitazama tu.

"Fundi," Hajati akasema, leso puani, "na huyu naye ni sadaka?"

Nilisugua mpaka magharibi. Maji ya moto na siki havitoshi: harufu hujificha kwenye mikunjo ya mpira wa mlango na kwenye tundu la maji, ambalo nililizibua kwa waya uliofungwa kitambaa. Trei nikaiosha mara tatu. Nikawaachia bakuli la makaa makavu ndani, milango wazi siku tano.

Wiki ya tatu Hajati akapiga.

"Fundi, inagandisha vizuri sana. Ila pasheni tumeacha, wateja walikuwa wanainusa glasi kabla ya kunywa. Sasa tunauza samaki."