Tuache Kuhesabu G, Tuhesabu Minara

Kila baada ya miaka kama kumi tunaletewa G mpya, yaani kizazi kipya cha mtandao wa simu, na ahadi ni ile ile: safari hii intaneti haikwami. 3G ilianza Japani mwaka 2001, 4G ikawashwa Stockholm na Oslo mwishoni mwa 2009, Korea Kusini ikafungulia wateja wake 5G mwaka 2019. Kasi imepanda, sibishi. Lakini nenda uwanjani siku ya mechi kubwa: alama za mtandao kwenye simu zimejaa zote, na picha moja tu inazunguka wee, haiendi.

Kasi inayotangazwa si yako peke yako. Ni ya upande mmoja wa mnara, na wote mlioelekewa na upande huo mnagawana. Zile alama kwenye simu zinakwambia mnara unasikika vizuri, hazikwambii uko na wangapi.

Njia rahisi ya kukidhi kiu ya data imekuwa kupanua barabara ya mawimbi. Chaneli ya 3G, yaani barabara yenyewe, ilikuwa na upana wa megahezi 5. Ya 4G ikafika 20, ya 5G inaweza kufika 100, na kwenye masafa (frikwensi) ya juu kabisa 400. Tatizo ni kwamba masafa hayo ya juu hayafiki mbali: ukuta unayazuia, hata majani ya mti yanayapunguza nguvu. Kubana data zaidi ndani ya wimbi lile lile nako kuna ukomo, aliouonyesha mwanahisabati Claude Shannon tangu 1948, na mitambo ya leo haiko mbali nao. Antena nyingi zinazoelekeza mawimbi kwa kila mtumiaji zimesaidia sana, nakiri.

Kwa maoni yangu, dawa kubwa ni ile isiyo na mvuto kwenye matangazo: minara midogo mingi, iliyokaribiana, kila mmoja ukihudumia watu wachache kwa masafa yale yale. Na kila mnara ufikiwe na mkongo, ile kebo ya nyuzi za kioo, wenye uwezo. Mnara wa 5G usio na njia pana ya kupeleka data nyuma yake ni bomba kubwa lililofungwa kwenye mrija wa soda.

Kampuni ikizindua G mpya, mimi ningeiuliza mambo mawili tu: imeongeza minara mingapi, na mingapi kati yake imeunganishwa na mkongo.